UZI: Maumivu sugu ya mshipa wa nyuma ya kisigino kwa sisi wakimbiaji. Miezi 14 yangu

#1 MzeeWaKimara

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni. Nina miaka 43, kilo 78, kazi ya kukaa ofisini. Nakimbia na kikundi cha jogging cha mtaani kila Jumamosi alfajiri, na mwisho wa Februari huwa napanda basi kwenda Moshi kwa ajili ya kilomita 21 za Kili Marathon. Si mwanariadha, ila ukininyima kukimbia nakuwa mtu mgumu nyumbani. Muulizeni mama watoto.

Kwenye kundi letu la WhatsApp hakipiti kipindi bila mtu kuuliza: "Wadau, juu ya kisigino kwa nyuma panauma, nifanyeje?" Majibu ni yale yale: pumzika, kanda na maji ya moto, paka mafuta ya nyonyo, meza diklofenaki. Nimeyafanya yote, kwa mpangilio huo huo, nikapoteza miezi 9. Miezi 5 iliyofuata nikafanya kitu ambacho mwanzoni nilikiona cha kichaa, na leo nakimbia.

Ilianza Novemba 2023. Anayeijua njia ya Kili anaujua ule mpando wa kuelekea Mweka. Nikasema mwaka huu haunitoi ulimi, nikaanza kupanda vilima vya Kimara mara 3 kwa wiki wakati nilikuwa nimezoea tambarare. Wiki hiyo hiyo nikaokota mtumba mzuri sana, kiatu chepesi, soli bapa kama kandambili. Makosa mawili kwa mpigo. Baada ya wiki 3 nikawa nikiamka asubuhi natembea kama bata hadi chooni. Nikifika sebuleni mguu umeshalainika, nasahau.

Na hapo ndipo ugonjwa huu unapokudanganya. Ukianza kukimbia kilomita ya kwanza panauma, ya pili panapoa, ya tano unajiona mzima kabisa, unaongeza. Kesho yake alfajiri ndiyo unalipa.

Nikapumzika wiki 6. Maumivu yakaisha. Nikarudi, mbio ya kwanza tu yakarudi nayo. Nikapumzika tena miezi 2, hadithi ile ile. Kila nikirudi nakuta uwezo umepungua, mwishoni hata kupanda ngazi za ofisini napasikia. Kinundu kikatokea, kama punje ya haragwe, sentimita kama 4 juu ya kisigino. Ukikibana kwa vidole unaruka.

Agosti 2024 shemeji yangu akanipeleka kwa dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapia. Nilitegemea anikande. Hakunikanda. Akanisimamisha karibu na ukuta, mguu mmoja, akasema nyanyua kisigino mpaka mwisho, shusha, hesabu mpaka ushindwe. Kulia nikafika 27. Kushoto, mguu wenye shida, nikafika 9 na jasho likanitoka. Akaniangalia akasema, "Baba, huu mguu umeustaafisha mwenyewe."

Alivyonieleza, nami naeleza kwa lugha yangu, wataalamu watanirekebisha. Huo tunaouita mshipa kitaalamu ni kano. Inaunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ukikimbia, kila hatua inabeba mara 6 hadi 8 ya uzito wako. Piga hesabu kwa kilo zangu 78: ni karibu nusu tani kwenda juu, kwa kamba isiyozidi unene wa kidole. Ukiipumzisha, maumivu yanapungua kwa sababu haifanyi kazi. Lakini kano na msuli wake vinazidi kulegea, halafu siku ukirudi barabarani nusu tani iko pale pale inakusubiri.

Kwa hiyo dawa akasema ni mzigo. Mzigo mzito, wa polepole, unaopanda kidogo kidogo.

Wiki 2 za kwanza hatukupanda wala kushuka. Nasimama kwa vidole, nashikilia sekunde 45, napumzika kama dakika 2, mara 5. Kwanza miguu yote miwili, halafu ule mmoja. Inachosha kuliko inavyosikika. Baada ya hapo nikaanza kunyanyua na kushusha: sekunde 3 kupanda, sekunde 3 kushuka, bila kudunda. Mara 3 kwa wiki, siku za katikati mapumziko. Nilianza seti 3 za mara 15, na kadiri wiki zilivyokwenda idadi ikawa inashuka na uzito unapanda, 12, 10, 8, mwisho seti 4 za mara 6 kwa mzigo ambao ya 7 haiwezekani.

Mzigo nikautoa wapi? Jimu sina. Nilianza na begi la shule la mtoto lenye dumu la maji la lita 5, hiyo ni kilo 5. Likaja la lita 10. Mwisho nilikuwa na begi la safari lenye mifuko miwili ya mchele ya kilo 10. Ilifika mahali mama watoto akitaka kupika anauliza kwanza kama nimeshamaliza mazoezi.

Nafanya kwa namna mbili: goti limenyooka, na goti limekunjwa kidogo, nikiwa nimekaa na mzigo juu ya mapaja. Msuli wa juu wa shavu unavuka goti, wa chini hauvuki. Ukinyoosha goti wanafanya kazi wote, ukilikunja yule wa chini ndiye anayebeba. Nami niliambiwa yule wa chini ndiye punda wa mkimbiaji.

Kuhusu maumivu, hapa ndipo wengi tunakosea, tukisikia tu tunaacha. Kipimo ni sifuri hadi 10. Wakati wa mazoezi yakifika mpaka 5 ruksa. Lakini kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa, na wiki kwa wiki ule ukakamavu wa asubuhi usipande. Yakizidi, unapunguza mzigo, huachi. Nilinunua daftari la mia tano nikawa naandika namba moja tu kila siku: hatua 10 za kwanza kutoka kitandani. Hiyo ndiyo iliyokuwa bosi wangu. Si namna ninavyojisikia nikiwa barabarani.

Mbio nilirudia Oktoba: dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara 8, siku moja ndiyo, siku moja au mbili hapana. Mchanga wa ufukwe wa Coco sikuugusa. Vilima na kasi vilikuja mwisho kabisa.

Jana nimepima. Kulia 30, kushoto 26. Kinundu bado kipo, kimenywea. Maswali karibuni.


#2 Kisu_Butu

Mkuu heshima yako, ila hapa umeniacha. Mtu panauma, unamwambia abebe mchele? Mimi bibi yangu Lushoto alinikanda siku 3 na majani, maumivu yakapotea. Hizi fiziotherapia ni kutafutiana hela.


#3 MzeeWaKimara

Kisu_Butu, salamu kwa bibi. Yalipotea, sibishi. Yamepotea mpaka lini? Umeshakimbia tangu akukande?


#4 Kisu_Butu

Sijakimbia. Nasubiri ipoe kabisa.


#5 FizioMstaafu

Habari zenu. Nimefanya kazi ya viungo miaka mingi, sasa nalima. MzeeWaKimara umeeleza vizuri, nami naongeza machache.

Kwanza kwa Kisu_Butu. Kukanda kunapunguza maumivu kwa muda, hakuna ubaya. Ila kumbuka ugonjwa wenyewe ni upi. Zamani tuliamini kano imevimba kwa joto, kama jipu, tukawapa watu vidonge vya kuzima joto. Baadaye sampuli zilipopelekwa maabara, lile joto tulilotegemea halikuonekana kama tulivyofikiri. Kilichoonekana ni nyuzi zilizovurugika. Fikirieni kamba ya katani: ikiwa nzima, nyuzi zote zimelala upande mmoja. Ikichakaa zinasimama ovyo, kamba inanenepa na nguvu inapungua. Ndiyo maana kinundu. Diklofenaki itakutuliza usiku, nyuzi haizipangi.

Hii habari ya kutibu kwa mzigo ina kisa kizuri. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå, Uswidi, alikuwa mkimbiaji, na kano yake ikamsumbua miaka ya tisini. Akamwomba mkuu wake amfanyie upasuaji. Mkuu akakataa, kwamba hakuna haja na idara haiwezi kumkosa kazini. Alfredson akasema basi nitaikata mwenyewe, ikikatika mtalazimika kunipasua. Akawa anasimama kwenye ngazi, anashusha kisigino kwa nguvu, mara nyingi, kila siku, akiongeza uzito. Kano ikagoma kukatika. Ikapona.

Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliotibiwa hivyo: seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, nyingine 3 goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, siku 7 kwa wiki, wiki 12. Ni mara 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kwenye mbio zao. Kundi dogo, lakini lilitubadilisha sisi wa kazi hii.

Njia aliyoitumia MzeeWaKimara, nzito na ya polepole mara 3 kwa wiki, Wadenmaki waliilinganisha na ile ya Uswidi mwaka 2015. Zote zilileta nafuu, tofauti ilikuwa ndogo. Mimi naipendelea hii ya pili kwa sababu moja tu isiyo ya kisayansi: watu wanaifanya. Ukimwambia mama mwenye duka asimame kwenye ngazi mara 180 kila siku atakuitikia vizuri, wiki ya pili humwoni.

Na ile kanuni ya maumivu mpaka 5, inatoka Gothenburg, 2007. Karin Grävare Silbernagel na wenzake walichukua wagonjwa 38, wote wakapewa mazoezi yale yale. Nusu waliruhusiwa kuendelea kukimbia na kuruka huku wakifuata kipimo cha maumivu, nusu wakakatazwa wiki 6 za mwanzo. Mwisho wa mwaka wote walikuwa wamepata nafuu, na waliokimbia hawakuwa nyuma ya wenzao. Kwa hiyo si lazima kuacha mbio moja kwa moja. Punguza, pima asubuhi.


#6 Mama_Wawili_Tanga

Asanteni kwa darasa. Mimi niliyaona hayo ya ngazi mtandaoni, nikafanya wiki 4 kwa bidii zote, nikazidi kuumia. Yangu iko chini kabisa, pale mshipa unapoingia kwenye mfupa, nyuma ya kisigino, palipoota kama kigongo. Hata kiatu cha kufunika nyuma sivai. Nikasema hii dawa si ya wote. Nimekosea wapi?


#7 FizioMstaafu

Dada hujakosea bidii, umepewa zoezi la mtu mwingine. Kuna mahali pawili. La kwanza ni katikati ya kano, sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, kama la MzeeWaKimara. La pili ni lako, kwenye maungio. Pale ukishusha kisigino chini ya ngazi, kano inabanwa kwenye mfupa, na kubanwa huko ndiko kunakoiudhi.

Alfredson na wenzake waliliona wenyewe. Kushusha hadi chini kabisa kuliwasaidia watu 32 tu kati ya kila 100 wenye tatizo kama lako. Wakabadilisha, zoezi likaishia usawa wa sakafu, matokeo waliyochapisha 2008 yakapanda hadi 67 kati ya 100. Badiliko ni hilo tu, kuondoa ngazi.

Kwa hiyo simama sakafuni. Nyanyua, shusha mpaka kisigino kiguse chini, basi. Kwa wiki za mwanzo hata weka kitu chini ya kisigino kisishuke sana. Acha kabisa kujinyoosha shavu la mguu ukutani, najua kila mtu anakuambia ujinyooshe. Na vaa kiatu chenye kisigino kidogo. Hapa wanawake mna nafuu kuliko wanaume, hamna aibu ya kuvaa kisigino.


#8 Mama_Wawili_Tanga

Kumbe! Na kila asubuhi najinyoosha kwenye ukuta wa jikoni dakika 10. Nashukuru sana, baba.


#9 Mbio_za_Karura

Niaje wadau, niko Nairobi. Huu uzi umenipata wakati mwafaka. Mimi hukimbia msitu wa Karura, maili kama 25 kwa wiki, na yangu ilianza nilipohama kutoka kiatu kinene hadi kile bapa. Maswali mawili. Kiatu kinaweza kuwa ndicho chanzo? Na kuna kliniki hapa imeniambia sindano moja ya steroidi itamaliza kazi, kweli ama?


#10 MzeeWaKimara

Karibu jirani. Kiatu najibu mimi kwa kuwa nilishalipa ada. Kiatu bapa si kibaya chenyewe. Kisigino chako kikishuka, shavu la mguu na kano vinavutika zaidi kila hatua, na wewe umezipa hatua elfu kadhaa bila taarifa. Ukitaka kuhama, hama kwa miezi. Mimi kwa sasa nimerudi kwenye kiatu chenye kisigino kilichoinuka na nimeongeza kipande cha soli ndani, pande zote mbili ili nisipinde kiuno. Fundi viatu alinikatia kwa buku mbili. Sindano namwachia mzee.


#11 FizioMstaafu

Mbio_za_Karura, steroidi inatuliza maumivu wiki chache, hilo kweli. Lakini inaweza kudhoofisha kano, na kano hii hii ndiyo inayobeba nusu tani. Mtu aliyechomwa, hasikii maumivu, anakwenda kukimbia kwa nguvu zote: unaona hatari ilipo. Kabla ya sindano yoyote muulize anayekuchoma: nimefanya miezi mingapi ya mazoezi ya mzigo? Kama jibu ni sifuri, anza hapo. Wapo wasiopona kwa mazoezi pekee, na tiba nyingine zipo, lakini zinakuja nyuma ya wiki 12 zilizofanywa kweli kweli.


#12 Dogo_Mabibo

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 24, nacheza na kukimbia, sijawahi kuumwa mshipa. Mwezi uliopita niliambiwa nina taifodi, nikanunua sipro duka la dawa, dozi ya siku 10. Siku ya 6 visigino VYOTE viwili vikaanza kuuma, na sikuwa hata nimefanya mazoezi. Nikaambiwa ni taifodi imeingia kwenye miguu. Inawezekana?


#13 FizioMstaafu

Marahaba dogo. Simama hapo hapo, hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika.

Hiyo sipro, yaani siprofloksasini, na ndugu zake, levofloksasini na wengineo, wana madhara yanayojulikana kwenye kano, hasa hii ya kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru liwekwe onyo zito kwenye maelezo ya dawa hizo kwamba zinaweza kuumiza kano hadi kukatika. Inaweza kutokea ndani ya siku chache, na inaweza pia kuja miezi baada ya kumaliza dozi. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye miaka zaidi ya 60 na wanaotumia steroidi, lakini vijana hawajasamehewa.

Nenda kwa daktari, mwambie jina la dawa na tarehe ulizomeza. Kwa sasa usiruke, usikimbie, na haya mazoezi ya mchele si yako mpaka aseme. Na kwa wengine wote: mkiandikiwa dawa hiyo na kisigino kikaanza kulalamika, rudini kwa daktari siku hiyo hiyo awabadilishie. Msiache dozi kimya kimya, na msiimalize kwa ubishi.


#14 Dogo_Mabibo

Dah. Duka la dawa hakuna aliyeniambia. Kesho asubuhi naenda.


#15 Mwl_Fizikia

Naingia kwa mlango wa pembeni. Mnajua mabomu ya nyuklia yametufundisha nini kuhusu kisigino?

Kati ya miaka ya 1950 na 1963 majaribio ya mabomu yaliongeza sana kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, hewani, kisha ikaanza kushuka. Kila mtu aliyekuwa akikua wakati huo aliila kwenye chakula, ikajengwa mwilini mwake. Watafiti wa Denmark wakapima kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka tofauti na kuchapisha 2013. Msuli ulikuwa na kaboni ya juzijuzi, maana yake unajijenga upya. Kiini cha kano kilikuwa na kaboni ya utotoni. Kinajengwa mpaka kama miaka 17, baada ya hapo karibu hakibadiliki. Kisigino unachokimbilia leo ulikimaliza kukijenga ukiwa sekondari.


#16 Kisu_Butu

Sasa mwalimu si ndiyo umeua uzi? Kama hakijengwi upya, mchele unafanya nini?


#17 FizioMstaafu

Swali zuri, na kwa mara ya kwanza umeuliza badala ya kupinga, nimefurahi.

Sehemu iliyovurugika haiwi mpya, kweli. Ndiyo maana ukipiga ultrasaundi baada ya kupona unaweza kuona doa bado lipo, na mtu anakimbia kilomita 21 bila shida. Lakini kuzunguka doa kuna nyuzi nzima nyingi. Mzigo unazifundisha hizo kubeba, unakaza kano kwa ujumla, na unaupa nguvu msuli unaopokea mshindo kabla haujafika kwenye kano. Paa likiwa na boriti moja mbovu, unaimarisha zilizobaki, nyumba inakalika.

Hii pia inakueleza kwa nini inachukua muda. Msuli unaona badiliko wiki ya 6. Kano inataka miezi 3 mpaka 6, wengine mwaka mzima. Anayekuahidi wiki 2 anakuuzia kitu.


#18 Beki_Mstaafu

Wadau naandika kwa shida. Leo bonanza la maveterani, dakika ya 20, naanza kukimbilia mpira nikasikia PA! nyuma ya mguu. Nikageuka nimtukane aliyenipiga teke, hakuna mtu. Naweza kutembea kwa kuchechemea, maumivu si makali sana. Nimeweka barafu. Nianze na zile sekunde 45 au nianze na seti za 15?


#19 FizioMstaafu

USIANZE NA CHOCHOTE. Lala kifudifudi kitandani, miguu ining'inie nje. Mtu akubane shavu la mguu kwa mkono, kwanza mguu mzima, halafu ulioumia. Mguu mzima unyayo utacheza wenyewe. Ulioumia ukikaa tuli, kano inawezekana imekatika. Na hata ukicheza, maelezo yako yananitosha: nenda hospitali LEO, usisubiri Jumatatu. Maumivu madogo yasikudanganye, iliyokatika mara nyingi haiumi kama inayochakaa.


#20 Beki_Mstaafu

Tumejaribu. Wa kulia unacheza. Wa kushoto kama umekufa. Shemeji analeta gari.


#21 MzeeWaKimara

Pole sana kaka. Tupe taarifa.


#22 Beki_Mstaafu

Siku ya tatu leo. Imekatika kweli. Wamenifunga plasta vidole vikiwa vimeelekea chini ili ncha mbili zikutane, Alhamisi daktari wa mifupa ataamua kama ni kisu au tuendelee hivi hivi. Amesema nimewahi, wengi wanaletwa baada ya mwezi wakidhani ni kuteguka. Aliniuliza pia kama kabla ya hapo palikuwa panauma. Panauma tangu mwaka jana, nikawa nameza dawa kabla ya kila mechi.


#23 Mbio_za_Karura

Pole sana mzee. Mimi ile sindano nimeahirisha. Wiki ya tatu sasa na dumu. Maumivu ya asubuhi mwanzoni yalikuwa 6, leo 4. Mbio nimeshusha hadi maili 12, tambarare tu. Swali dogo: siku ya mazoezi ya uzito na siku ya kukimbia ziwe moja ama tofauti?


#24 MzeeWaKimara

Mimi nilizitenganisha mwanzoni ili nikiamka vibaya nijue nani wa kulaumu. Sasa hivi nafanya zote siku moja, mbio asubuhi, mchele jioni, halafu kesho yake napumzika kabisa.


#25 MzeeWaKimara

Mrejesho, nimerudi kutoka Moshi jana usiku.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 14, miaka 3 iliyopita nilikimbia saa 1 na dakika 58. Mpando wa Mweka nilitembea sehemu tatu, kwa makusudi, huku mabinti wa sekondari wakinipita wananiambia "pole babu". Kuteremka nilijizuia kuliko kupanda. Wakati wa mbio maumivu 3, hayakuzidi. Jumatatu asubuhi hotelini nikashuka kitandani naogopa kama mtu anayefungua matokeo ya mtihani. 4. Jumanne 2. Leo 1.

Mazoezi siachi, niliambiwa ni ya kudumu, nimepunguza tu mpaka mara 2 kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Kinundu kipo.

Dogo_Mabibo upo? Beki, wamekuamuaje?


#26 Dogo_Mabibo

Nipo mzee. Daktari aliandika kwenye kadi yangu kabisa kwamba nisipewe tena dawa za aina ile. Na kipimo cha damu kilionyesha taifodi haikuwepo. Natembea vizuri, ameniruhusu kunyanyua visigino kwa miguu miwili bila uzito.


#27 Beki_Mstaafu

Hawakunipasua. Nimevaa kiatu kigumu cha kutembelea chenye vipande vya kuinua kisigino, kila baada ya muda wanatoa kimoja. Bonanza nimewaachia vijana, mimi sasa ni kocha, napiga kelele tu.


#28 Kisu_Butu

Sikutaka kuandika ila basi. Jana usiku nikiwa peke yangu nilisimama ukutani nikahesabu. Kulia 24. Kushoto 11. Nimempigia bibi kumweleza, akacheka, akasema yeye alinikanda nilale usingizi, hakusema nisitembee.

Mzee, lile begi la mchele ulianza na kilo ngapi?